Ufa Niliouziba Mimi

Shituru, Jumatano, saa kumi za mchana

Feza mwanangu, mama yangu mdogo,

Umetoka sasa hivi kwenda Kikula kuwaaga wenzako wa kwaya, na mama yako amekukimbilia na kitambaa cha kichwa ulichosahau kitini. Nyumba imebaki yangu peke yangu. Umeme haujarudi tangu juzi, kwa hiyo nimesogeza meza dirishani niandike kabla giza halijaingia. Mkono wangu unaujua. Umezoea mwiko wa mwashi, na kalamu unaishika kama mtu aliyemkamata kuku wa jirani. Cheka ukitaka, lakini soma mpaka mwisho.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia juu ya dawa, maji ya kuchemsha na wanaume wa Chingola, huko Zambia uendako kesho, na hao wanaume amewarudia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimezunguka nalo tangu kiangazi bila kupata pa kulitua. Ni la chungu cha Mama Chanda. Najua unalijua, na wewe unajua kwamba najua, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kulitamka. Nitalisimulia tangu mwanzo, hata yale uliyoyaona kwa macho yako, kwa sababu uliyaona ukiwa upande wako. Upande wangu hukuuona.

Lakini siwezi kumfikia Mama Chanda bila kupitia kwa nkambo wako, mama yangu, yule uliyerithi jina lake.

Mwaka uliozaliwa nilikuwa nimepewa nyumba hii. Nilikuwa kijana, mwashi wa tanuru. Kazini walituita fumisti. Kazi ya fumisti ni kupanga matofali yasiyoungua ndani ya tumbo la tanuru na kuyashikiza kwa udongo wake, ili shaba iliyoyeyuka isipate njia ya kutokea. Uani tulikuwa na bomba letu la maji. Kila mwezi mposho uliletwa: unga, maharagwe, samaki, mafuta. Nilitembea barabara za kambi ya wafanyakazi nimetanguliza kifua, na viatu vyangu vilisikika nyumba ya tatu.

Mama akaja kutoka kijijini kwake, ng'ambo ya Kapolowe, na chungu cha maji kichwani. Alikifinyanga mwenyewe, akakichoma mwenyewe. Alitaka uogeshwe maji yaliyolala usiku mzima ndani yake. Nilimshukuru, nikamchinjia kuku. Alipoondoka nikaanza kuogopa. Siku zile akina mama wa foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake, walipita nyumba hadi nyumba kukagua usafi, na nyumba iliyoshinda ilitajwa mbele ya watu. Jirani yetu Baba Mutombo alikiona kile chungu pembeni mwa mlango, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Fumisti! Uko na robinet mu lupango, na maji ungali unakunywa mu nyungu ya ku mugini?"

Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu wa utani, na mimi nilikuwa mtu wa kuumia. Nikakibeba chungu nikakipeleka nyuma ya choo, na siku ya kupaka ukuta nikakitia chokaa.

Miezi sita baadaye mama alirudi kukuona. Akaenda nyuma kutafuta kamba ya kuanikia kitenge chake, akakikuta. Nilikuwa nimemfuata, nikangoja matusi. Akainama, akachungulia ndani, akasema, "Aya. Hata chokaa inaomba fasi ya kulala." Kisha akaanika kitenge chake.

Aliishi miaka tisa baada ya siku ile. Hakuniletea chungu kingine, na mimi sikumwomba radhi. Kila nilipotaka kufungua mdomo nilijiambia ataelewa tu, si nimemnunulia blanketi? Ukitaka kumjua baba yako, mjue hapo: panapotakiwa neno moja, mimi nanunua blanketi. Alizikwa nalo.

Baba Mutombo naye sikumaliza naye vizuri. Walipofukuzwa watu wa Kasai hapa kwetu, naye akiwa mmoja wao, nilimwona akipita mbele ya nyumba na godoro kichwani, anakwenda stesheni na wanawe wakimfuata. Miaka kumi na saba tuliazimana chumvi. Nilibaki nyuma ya pazia. Nilijiambia nikitoka na mimi watanitia katika kesi, na huenda ingekuwa kweli. Lakini pazia lile lina tundu, na yeye aligeuza macho akanitazama. Nakutajia haya ujue kwamba ukumbini mwa parokia, siku ya chungu, sikunyamaza kwa bahati mbaya. Ni njia niliyokuwa nimeikanyaga siku nyingi.

Basi, ulipopata diploma yako na shule zenyewe zikawa zimefungwa kwa walimu kukosa mshahara, ukaniambia unataka kwenda Kapolowe kwa shangazi yangu ukajifunze kufinyanga. Unakumbuka nilivyopiga meza.

"Myaka kumi na mbili ya masomo, juu ya kuchezea matope?"

Ukanijibu polepole, kama kawaida yako, "Papa, na weye si matope njo ilitukomalisha?"

Kweli, udongo wa tanuru ndio uliokukuza, na mwanamume akishindwa nyumbani kwake huinua sauti. Nilikukatalia. Nilisema ni kwa ajili ya masomo yako. Kweli ni kwamba sikutaka kuona tena mtu wa damu yangu ameketi chini, miguu imenyooshwa, anazungusha udongo. Ningemwona mama yangu.

Kisha tanuru letu likazimwa. Walituambia tungoje, tukangoja, na mpaka leo naambiwa ningoje. Unalijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu ulikuwa unanitazama nikivaa kofia ya kazi asubuhi na kuketi nayo barazani. Mama yako ndiye aliyenitoa pale. Siku moja alitua mbele yangu mbabula ya jirani, jiko la mkaa lililotoboka chini, akasema, "Papa Feza, iko four kidogo. Tengeneza." Nilikasirika siku mbili kwa jiko kuitwa tanuru, siku ya tatu nikalitengeneza. Nilikuwa na mikebe michache ya udongo wa tanuru. Nikaanza kupaka mbabula za mtaa mzima kwa ndani, na watu wakasema zinakula mkaa kidogo. Kwa hiyo tukala.

Hapo ndipo parokia ilipopata wale wageni. Uliniletea habari wewe, ukiwa umechanganyikiwa kwa furaha: vyungu vya mafundi sita wa Zambia, vitakaa ukumbini wiki mbili, na mmoja wao atakuja navyo. Wewe ungefasiri, kwa Kibemba ulichonyonya kwa mama yako. Mimi walinitaka nilinde mlango. Waliniita mzee mwaminifu. Neno hilo lilinikaa vizuri sana, nikanyoosha shati.

Siku lori lilipofika akina mama wa soko walijaa uani, maana gari la Zambia kwao ni unga.

"Baleta unga?"

"Hapana, maman, ni byungu," ukawaambia.

"Na mu ndani ya byungu?"

"Tupu."

"Tupu?" Yule mwenye kilemba cha njano akawageukia wenzake. "Batu ya Zambia bameshiba kabisa! Banasafirisha byungu tupu!"

Tulicheka wote, hata Mama Chanda, fundi aliyekuja na vyungu, baada ya wewe kumfasiria. Nilimpenda tangu hapo. Mwanamke mpana, wa umri wangu, mikono mifupi yenye nguvu, na hakuona aibu kuketi chini kwenye ngazi akila muhogo na vibarua.

Sasa nafika pale ambapo hukuwepo. Sanduku kubwa nililibeba mimi. Kwenye ngazi ya pili mguu uliteleza, sanduku likagonga ukingo, na ndani nikasikia "kwa!" Hakuna aliyeona. Nikalitua ukumbini, nikatoka haraka kuchukua jingine. Niliporudi Mama Chanda alikuwa amekwisha kufungua, na kile chungu kirefu, chenye rangi ya kutu, kimesimama mezani juu ya kitambaa cheupe. Kimepasuka kutoka mdomoni mpaka chini ya tumbo, ufa wa kuingiza vidole viwili.

Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Alikigeuza kidogo kielekee mlango, akaweka chini yake kikaratasi chenye maneno ya Kiingereza, akaendelea na kingine. Nikasema moyoni, huyu mama ana adabu, amemeza. Lile "kwa!" lilikuwa la ubao wa sanduku, lakini hilo nimelijua baadaye. Ningeweza kukuuliza kikaratasi kinasema nini. Kuuliza ni bure. Lakini ningekuuliza, ungetaka kujua kwa nini nauliza, na ningelazimika kusema nilijikwaa.

Siku nne nilikaa mlangoni nikitazama ufa ule. Wewe hujafanya kazi ya moto, hutaelewa upesi. Ufa wa tanuru haulali. Ukiuona mchana, unauziba kabla zamu haijabadilika, kwa maana shaba haina rafiki. Nimemwona mwenzangu akipoteza mguu kwa sababu ya ufa ambao mtu alisema ataushughulikia kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kwa wengine hiyo ni methali ya kuwatisha watoto, kwetu ilikuwa amri ya kazi. Watu waliingia, walitoka, walisifu, na kila aliyesimama mbele ya kile chungu nilimwona kama anasoma jina langu.

Jumapili mlipokuwa misani nilifunga mlango kwa ndani. Nilikuwa na mkebe wangu, mwiko mdogo, na tofali la zamani nililolisaga usiku likawa laini kama unga wa muhogo. Nilitia masizi kidogo na vumbi la kutu mpaka rangi ikakubali. Niliwasikia mkiimba Gloria, na nikaitambua sauti yako mle ndani. Nisikufiche, mama: nilifurahi. Ilikuwa kazi ya kweli ya kwanza tangu tanuru lizimwe.

Ilibaki kulaza udongo kwa ndani. Nikaingiza mkono, na vidole vyangu vikakutana na vidole. Mama Chanda hakusawazisha ndani. Aliacha alama za mikono yake, mstari juu ya mstari, kutoka chini hadi juu, vilevile alivyoziacha mama. Nilipokuwa mtoto nilikuwa naingiza mkono katika vyungu vya mama vilivyokauka nikitafuta alama inayotosha kidole changu, naye akinikemea kwamba nitakivunja. Kidole changu kikatafuta tena alama inayokitosha, mkono umezama mpaka kwenye kiwiko.

Kisha nikazifuta. Fumisti haachi makunyanzi ndani, shaba hushika kwenye makunyanzi. Nililaza udongo upande mzima, nikasugua kwa kitambaa chenye maji mpaka pakateleza, nikatoa mkono, nikajisifu.

Jumatatu unaikumbuka. Watoto wa shule walikuwa wamepangwa mistari. Mama Chanda alianza kwenye meza ya kwanza, wewe ukifasiri, na nilikuwa mlangoni na funguo zangu. Alifika kwenye kile chungu. Alikizunguka. Aliweka kiganja kwenye tumbo la chungu, akaingiza mkono ndani, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyefika nyumbani akakuta kufuli si lake. Alisema maneno machache kwa sauti ndogo. Wewe ukayatoa kwa sauti iliyokuwa ikipungua:

"Anasema, nyungu hii aliipasula yeye mwenyewe na uzi, ikiwa mubichi. Anasema kila mutu anaonaka inje tu. Alipenda batu baone mu ndani, fasi mikono yake ilipita. Anauliza... anauliza nani alimufunga."

Alimufunga. Hukusema aliifunga, nyungu; ulisema kama ni mtu. Sijui kama ndivyo alivyosema yeye au ulikosea kwa hofu, lakini ndivyo nilivyosikia.

Mwenyekiti wa kamati akageuka, shingo imemvimba.

"Banani biko na clé ya salle?"

Ufunguo wa ukumbi tulikuwa nao mimi na wewe, basi. Watu wawili. Ulinitazama. Hukunitazama usoni, ulinitazama mikononi. Kucha zangu zilikuwa za kijivu, nilikuwa nimeziosha kwa sabuni ya kuomba kwa jirani na bado zilikuwa za kijivu. Nikauficha mkono nyuma. Hilo tu ndilo nililolifanya. Nikasikia sauti yako:

"Ni minye, maman. Niliwaza imepasuka mu njia. Nilipenda kusaidia."

Mwanangu, nilikuwa na muda. Watu husema mambo yalitokea haraka. Hayakutokea haraka. Mwenyekiti alikufokea mpaka akamaliza pumzi, akapata nyingine. Watoto walicheka. Ulivua ile beji ya karatasi kifuani, pini ikakwama, ukahangaika nayo. Wakati wote huo nafasi ilikuwa wazi, ya maneno mawili tu, na mimi nilifunga mlango polepole usigonge kwa upepo.

Na hapa ndipo ninapoumia kuliko pote: nilipokuona unapita mbele yangu kutoka nje, kitu cha kwanza nilichokisikia ndani kilikuwa unafuu. Aibu ilikuja baadaye, tulipofika nyumbani. Kwanza ulikuja unafuu. Sitaki uende Zambia bila kujua hilo, kwa sababu najua umenitafutia udhuru. Wewe ni mtu wa kuwatafutia watu udhuru. Umesema moyoni kwamba papa alishtuka, papa ni mzee, papa hajalipwa siku nyingi. Mimi nilikuwa na akili zangu timamu.

Jioni ile mama yako alikuwa anafua uani. Akainua suruali yangu.

"Papa Feza, ii trusi iko na nini ku magoti?"

"Ni udongo ya mbabula."

"Mbabula ya dimanche?"

Jumapili huwa sipaki jiko, naye anajua. Akaikamua kwa nguvu, akaianika, hakuuliza tena mpaka leo. Lakini wiki nzima alinipakulia chakula bila kunitazama. Wewe ulinikaribisha maji ya kunawa kama siku zote, na hiyo ilikuwa adhabu kubwa zaidi.

Mtaani wakaanza kukuita Simenti. Mademoiselle Simenti. Kwenye kwaya ulirudishwa mstari wa nyuma. Niliwasikia vijana pale kwa muuza mkaa wakikuimbia, nikawatupia jiwe, nikajiona nimekutetea.

Ndipo barua ya Mama Chanda ikaja na akina mama wa unga wanaovuka mpaka. Ulinisomea mwenyewe, umesimama pale ninapoandikia sasa. Kwamba alitaka kuutoa ule udongo kwa patasi akashindwa. Kwamba kwa hasira alikirudisha chungu motoni ili kile kiraka kipasuke, na chungu kikatoka motoni kizima, hata ukucha haupiti. Kwamba miaka yote hajaona kiraka kikistahimili moto hivyo. Mtumeni yule msichana, ameandika. Atakaa kwangu, nitamfundisha kufinyanga, naye atanionyesha anavyochanganya.

Nilikutazama unakunja ile karatasi. Uso wako ulikuwa na furaha na woga kwa pamoja, na sikujua kipi kati ya hivyo viwili nimekisababisha mimi. Sikukukatalia safari hii. Ningekukatalia kwa mdomo upi?

Jumamosi iliyofuata ukaja kuketi kwenye kigoda karibu yangu. "Papa, udongo ya mbabula, unatiaka nini mu ndani?" Ulijifanya unauliza tu. Nami nikajifanya najibu tu. Nikakwambia tofali la zamani lisagwe mpaka lisisikike kati ya meno. Maji yaje mwishoni, na kidogo. Mchanganyiko ulale siku moja umefunikwa. Siku ya pili ukaomba mwiko. Wiki sita tumeketi pale, magoti yakigusana, nikikufundisha uongo wangu mwenyewe, na wala hatukucheka. Nazo zilikuwa wiki sita nzuri kuliko zote tangu kazi ife. Una mkono, Feza. Unasikiliza udongo kabla ya kuusukuma, na hilo sikukufundisha mimi, limetoka kwa yule aliyekupa jina. Mbabula ya mwisho uliyoipaka, ya mwalimu wa pale kona, niliitafutia kosa sikuliona.

Ndiyo maana naogopa. Kama ungekuwa mzembe, uongo huu ungekufa wenyewe wiki ya kwanza. Lakini utaweza. Mama Chanda atakuweka mbele ya benchi, atasema nionyeshe, na utamwonyesha vizuri. Atakusifu kwa kiraka kile. Atawaambia wageni, huyu ndiye msichana aliyeniziba. Na kila siku utaitika kwa jina ambalo si lako, kwa ajili yangu, katika nyumba ya mwanamke ambaye jambo analolipenda kuliko yote ni kuonyesha mkono wa mtu ulipopita. Utafinyanga vyungu vyako na utaogopa kuvifungua.

Mimi najua kuishi namna hiyo. Inawezekana kabisa. Mtu anakula, analala, analea watoto. Lakini ukiniuliza leo mama yangu alikuwa mtu wa namna gani, jambo la kwanza linalonijia ni mgongo wake akianika kitenge, na kila ninachokikumbuka juu yake inanibidi kipitie mgongo ule kwanza. Sitaki na wewe ukinikumbuka unipitie pale mlangoni.

Kwa hiyo leo asubuhi nilimwandikia Mama Chanda. Karatasi ilikuwa hapa chini ya kiwiko changu wakati naandika yote haya. Nilimweleza kila kitu, kwa adabu, kwa Kifaransa changu cha kiwandani ambacho mtu angemfasiria, na nilikuwa nimepanga kuitia katika mfuko wako pamoja na hii, umpe ukifika. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nimeisoma tena sasa hivi. Ni barua nzuri. Na nimemwona msichana atakayesimama mbele yake wakati anafasiriwa, ametoka safari ya siku mbili, mzigo bado kichwani, anangoja kufukuzwa kwa kosa langu. Ni blanketi jingine, Feza. Nimeichana, nimeitia katika mbabula.

Nimetoka kutafuta viatu vyangu chini ya kitanda. Vinahitaji kamba. Kesho asubuhi usishangae ukinikuta nimeketi mlangoni nimevivaa, na usinibishie mbele ya mama yako, atakuwa upande wangu kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Mpaka Lubumbashi tutapanda gari la kwanza litakalotuchukua. Karatasi ya kuvukia nitaitafuta pale Kasumbalesa mpakani, kama wanavyofanya akina mama wa unga. Watanipitisha au nitalala pale mpaka wanipitishe. Barua hii nitakupa tukiwa njiani, nikiwa nimekaa kiti cha nyuma yako ili usilazimike kunitazama ukiisoma.

Sijui Mama Chanda atasema nini. Ana haki ya kusema hataki uongo nyumbani mwake. Akisema hivyo tutarudi pamoja, na njia nzima una ruhusa ya kutonisemesha. Nitakubebea mzigo, nitanyamaza. Akikubakiza, nitamwonyesha mimi kile anachotaka kukiona, siku moja au mbili, kisha nitarudi peke yangu kwa mama yako. Jumapili nitasimama baada ya misa mbele ya mwenyekiti na kwaya yake, niseme kilekile. Huko sihitaji msaada wa mtu.

Lakini Chingola, kwa Mama Chanda, nitahitaji. Kibemba changu, miaka yote hii na mama yako, hakijavuka bei ya dagaa. Mlangoni nitatangulia mimi, nitagonga mimi, na nitasema polepole ili upate nafasi. Nitasema niliteleza, nilinyamaza, nilikuacha ufokewe. Wewe utafasiri. Najua moyo wako, utataka kunilainishia maneno. Usinipunguzie hata moja.

Baba yako